Kaka Yuko Kongo

Usiniambie majirani zetu wa Mapinga ni waongo. Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo, na nikisikia mtu anawasema vibaya damu inanichemka.

Kaka yangu alikuwa askari. Alimpiga mkubwa wake akamvunja taya, mahakama ya kijeshi ikamfunga. Sawa, alikosea, sibishi. Ila mama neno jela halikumtoka mdomoni. Akawaambia watu kaka yuko Kongo, analinda amani. Ukimuuliza hali yake: "Mzima, analalamika baridi tu."

Basi kaka akaomba parole, amalizie kifungo nyumbani. Bodi kabla haijaamua inamtuma ofisa aje kwenu kuuliza: huyu mnamjua? Akirudi mtampokea? Mkimkataa, atabaki ndani.

Ofisa akaja bila taarifa. Mama muuza chapati akamjibu, "Mfungwa? Hapa hatuna mfungwa, mwanangu. Yule yuko Kongo." Fundi baiskeli: "Kongo." Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima na kofia yake: "Kongo, tena juzi kapiga simu."

Ofisa akafunga faili, huyo kituo cha basi. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mzee, rudi!"

"Nirudi kufanya nini? Watu wenu hawamjui."

"Wanamjua! Wanatusitiri tu!" Nilivyopayuka, bodaboda wakaja mbio wakidhani nimeibiwa.

Akarudi shingo upande, na watu wakajaa uani kwetu. Nikamwambia mama, "Usiposema wewe, kaka harudi." Akajifunga khanga vizuri, akasimama.

"Mwanangu hayuko Kongo. Amefungwa."

Muuza chapati akasema, "Shoga, tunajua tangu alipokamatwa. Ulitaka tumwambie mgeni, wakati wewe mwenyewe hujatuambia?"

Mama akakaa chini palepale, analia, anacheka.

"Kwa hiyo mnampokea?" ofisa akauliza.

"Aje hata leo," mwenyekiti akasema. "Ila taya zetu atuachie."

Hata ofisa alicheka. Akaandika, akaondoka. Bodi bado haijajibu, na mama kila gari likisimama barabarani anachungulia.

Haya, wewe unayewaita waongo: ofisa angebisha hodi kwako, ungesema kaka yangu arudi, au angeozea ndani?