Udongo Mweusi Kwenye Jembe Letu

Hapa kwetu Kasekese jembe ni moja tu. Mwanangu kaenda Inyonga kwenye tumbaku za watu, kaniachia mkewe na hilo jembe. Mkewe analibeba asubuhi, jioni analirudisha, na kile kisauti chake cha puani: "Mama, leo nimepalilia mpaka mgongo unawaka."

Mimi shule sikuingia, ila udongo naujua. Shamba letu ni jekundu. Jembe likawa linarudi na udongo mweusi, wa mbugani. Nikaenda kuchungulia mahindi yetu: magugu magotini. Wiki moja tena hivyo, tusingevuna hata la kuchoma.

Nikasema, huyu ana mwanaume huko mbugani. Maana na unga ulikuwa hauishi. Nikiuliza: "Kanipa dada yangu wa Majengo, mama." Dada gani huyo hachoki kutoa?

Asubuhi moja nikamfuata, nanyata kama mwizi wa kuku. Nikamkuta kwenye majaruba ya mpunga ya yule mfugaji aliyekuja na ng'ombe zake kutoka Usukumani. Wanawake wameinama, kila mmoja na kipande alichopimiwa kwa hatua. Mwenye shamba kuniona, akanisalimia Kisukuma, kavuta sauti kama anaita ndama: "Mwangaluka, mayuuu! Na wewe unataka kipande? Ukimaliza nakupimia unga!"

Nikamgeukia mke wa mwanangu. "Ndo dada yako wa Majengo huyu? Mbona ana ndevu?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama, mahindi ya ndani yaliisha zamani. Ningekwambia nalimia watu, ungekula?"

Nisingekula. Kulimia watu na shamba lako lina magugu, kwetu ni aibu. Anajua.

"Kesho jembe linabaki," nikasema.

"Na unga je?"

Nikashika njia ya nyumbani.

Kesho yake naamka, jembe liko mlangoni kwangu, limeoshwa. Yeye hayupo. Nikaenda nalo kwenye mahindi, mistari mitatu, kiuno kinalia. Huku nawaza: analima na nini huyu? Jembe la nani?

Jioni karudi na unga. "Pole na kazi, mama."

"Lete mikono."

Vidole vimekunjamana kwa maji, tope jeusi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anapandikiza mpunga, kazi isiyotaka jembe.

Ugali nikausonga mwenyewe, nikala. Ila jembe siku hizi nalala nalo chumbani, lisije likarudi tena na udongo mweusi. Simwamini hata kidogo.