Glasi ya Bwana Injinia

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya jiko kwa woga. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne juzi tu, na sikuwahi kushika chupa ya pombe, maana kwetu Katito tulikuwa watu wa kanisa. Nilikuwa na aibu sana. Niliyoshindwa kumwambia mtu niliyaandika kwenye daftari, na ndilo ninalosoma sasa nikiwaandikia ninyi mnaoanza kazi hizi za nyumba na baa.

Ilikuwa nyumba ya Bwana Injinia, mtaa wa Milimani, Kisumu, miaka ya themanini. Mpishi mkuu, Mzee Odongo, alinifundisha kinywaji cha jioni. Glasi ndefu ikae kwenye friza. Barafu ijae hadi juu, kwa sababu barafu kidogo huyeyuka haraka na kinywaji kinakuwa maji. Jin toti moja, yaani kile kipimo kidogo cha bati. Ndimu mbili zikamuliwe saa ile ile, si asubuhi. Shira kijiko kimoja, ile sukari iliyochemshwa na maji. Soda water mwisho, iteremke polepole ubavuni mwa glasi.

"Koroga mara moja tu, nyar Katito," aliniambia, yaani binti wa Katito. "Huu si ugali. Ukizidisha, unaua povu."

Mwaka wa pili tumbo la Bwana Injinia lilivimba, macho yakawa manjano. Daktari alisema ini limeharibika, asiguse hata tone. Hakusikia. Ndipo Mama, mke wake, akanijia jikoni.

"Weka kila kitu isipokuwa jin. Chovya mdomo wa glasi tu kwenye jin, apate harufu."

Miezi minne Bwana alikunywa ndimu na soda pale veranda, akisema, "Leo umeipatia kweli." Macho yakaanza kurudi meupe. Niliandika kwenye daftari: Namdanganya, na anapona.

Jumapili moja wakaja wageni wa ofisini. Nilibeba trei ya glasi sita, ya Bwana nimeiweka upande wangu. Mgeni mmoja akanyoosha mkono, akajichukulia hiyo hiyo, akampa Bwana nyingine. Niliona. Aibu ikanifunga mdomo.

Bwana akanywa. Akaichukua ya mgeni, akaonja.

"Kumbe miezi yote hii nanyonya ndimu kama mjamzito!"

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Alinifuata jikoni.

"Nani amekuajiri, mimi au Mama?"

"Ni wewe, Bwana."

"Basi weka jin. Toti mbili."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Yeye alikuwa ameshasema yake yote, sasa anangoja nami niseme neno.

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Nilimwekea kila jioni, baridi sawasawa. Masika hayakuisha akiwa hai. Tulimzika kwao Bondo, na Mama hakunipa mkono.

Baadaye nilikuwa hotelini mjini, halafu klabu moja ya ufuoni karibu na Dunga. Meneja wa hoteli aliwaambia wageni, "Huyu mama mkono wake hautetemeki." Niliitikia tu.

Kazi ya mwisho, miaka ya tisini ikielekea kuisha, ilikuwa kwa Mkurugenzi mmoja. Wiki ya tatu niliona macho yake, na rangi ile niliijua.

"Achieng', lete ya tatu."

"Hapana, Bwana."

"Umesema nini?"

"Hapana. Nenda hospitali kwanza."

"Siku hizi wewe ni daktari?"

"Mimi najua kuchanganya tu. Kuna mtu nilimchanganyia mpaka akafa."

Alinifukuza kabla sijavua aproni. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kichwani sina hata mvi. Kuchanganya nilijifunza kwa wiki moja. Kusema lile neno, karibu miaka kumi na tano.

Mtauliza kama lilimsaidia. Kesho yake aliajiri mwingine. Nilisikia ni hodari, mtu wa heshima, hana majibu mengi.