Maneno Niliyomtungia Nyanya

Mwaka wangu wa pili chuoni Kakamega nilikuwa nimeiva kwa historia ya Marekani. Ungeniuliza habari za wachimba dhahabu wa Kalifornia, ningekueleza mpaka usinzie. Na dhahabu ilichimbwa hapa hapa kwetu. Mama yake nyanya alibeba mchanga wa machimbo kichwani. Mhadhiri wa mbinu za utafiti alipotutuma nyumbani tukamhoji mzee mmoja mmoja, nilipanga kufika Khayega kwa nyanya, mzaa mama, tuliyemwita Kukhu, nimalize haraka, nirudi kwa Wamarekani wangu.

Nyanya alikuwa amenichinjia kuku. Nikafungua daftari lenye maswali ishirini.

"Mama yako alianza kazi ya machimbo mwaka gani?"

"Ule wa nzige, mjukuu wangu. Lakini ngoja kwanza nikwambie vile walikuwa wanaimbanga kule mtoni..."

"Kukhu, mwaka! Nyimbo baadaye."

Jamani, kiburi gani kile! Tulikuwa tumeonywa tusimkatize mzee, nami nilimkatiza sijui mara ngapi. Mwishowe akafuta mikono kwa leso.

"Basi wewe ndiye umesoma. Andika unavyotaka," akasema bila hasira, akanipakulia obusuma, ugali wetu wa nyumbani.

Nikaandika nilivyotaka. Nilimtungia majibu matamu, nikayapamba kwa yale niliyosoma kuhusu Kalifornia, nikapata alama za juu kuliko wote darasani. Nilijiambia nitarudi likizo nimsikilize vizuri. Likizo zikaja, zikapita.

Alifariki kabla sijamaliza chuo. Siku ya mazishi mjomba akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mjukuu msomi aliyaandika maneno ya marehemu, asimame asome. Ningekataaje mbele ya kijiji kizima? Nilisoma ile kazi ya chuo, ambayo mama alikuwa ameniagiza nije nayo. Watu walipangusa macho. Mimi niliona aibu, na bado nilisoma hadi mwisho.

Watu walipotawanyika, mama akanifuata nyuma ya jiko, macho yamemvimba.

"Mimi nilimuuliza habari za mama yake tangu nikiwa msichana," akasema. "Kila mara ananiambia ngoja, atamwambia yule atakayejua kuandika, zisipotee. Asante, mwanangu. Asante sana."

Nilitaka kumwambia. Mungu anajua nilifungua mdomo.

"Nisomee tena," akasema, akakaa kwenye kuni.

Nikamsomea tena.