Kanuni ya Jovitha na Matanga ya Murukulazo

Jovitha alikuwa akimenya ndizi kwenye matanga ya baba mkwe wake, kijijini Murukulazo, kisu kikasimama mkononi. Amekumbuka kanuni yake.

Kazi yake huko Nyakanazi ni kutunza nakala. Ofisi za vijijini zina kompyuta zao, na kila siku mashine ya Nyakanazi huchukua nakala ya mafaili yao. Lakini mashine haina huruma. Inafuata kanuni alizoiwekea Jovitha: hili beba, lile acha. Na moja aliiweka kwa kujidai, ili nafasi isijae: kompyuta ikinyamaza wiki nzima, ihesabiwe imehama, nakala zake zifutwe.

Kompyuta ya ofisi ya Murukulazo ilipigwa radi siku ile ile mzee Yohanes, baba mkwe wake, alipofariki. Nani angeishughulikia? Penye matanga hakuna anayeshika jembe, ofisi nayo hufungwa. Wiki inatimia leo jioni, na jua limeshainama. Kwenye nakala hizo ndimo ilimo video pekee ya mzee akitembea kwenye mpaka wa shamba lake, majirani wakishuhudia. Kesi ya mpaka huo iko baraza la kata. Bila video, shamba limekwenda.

"Mama, niruhusu nipige simu ya kazi."

Adventina, mjane mwenyewe, hakuinua hata uso. "Kazi? Baba yako hajapoa kaburini! Ndivyo mlivyofundishwa kwenu?"

"Ni shamba, mama. Ushahidi wa baba unafutwa jioni hii."

"Anaufuta nani?"

Jovitha akaweka kisu chini. "Mimi."

Adventina akamtazama, akamtazama tena. "Basi nenda ukajizuie. Na nisisikie mtu anasema nimekuruhusu."

Jovitha akapanda kilima mbio kutafuta mtandao. Celestini, mwenzake wa kazini, akapokea.

"Pole na msiba, dada..."

"Pole baadaye! Fungua kanuni za Murukulazo. Ile ya kufuta, iondoe!"

"Ngoja... Dada, imeshaanza kufuta."

"Izime!"

"Nimezima. Picha zimekwenda. Barua zimekwenda." Akaendelea kutafuta. "Video ipo. Namwona mzee, anaonyesha minyaa ya mpakani."

Jovitha akakaa chini kwenye majani mabichi.

Siku hizi kompyuta ikinyamaza, hakifutwi kitu mpaka Jovitha ampigie simu mwenye kompyuta na kuisikia sauti yake. Adventina alishinda kesi. Ahsante hakutoa, alimtoza mkamwana wake mtungi wa pombe ya ndizi kwa kuvunja mwiko wa matanga, wala hakupunguza hata kata moja ya kuchotea.