Injini ya Posho na Sikio la Mama Mkwe

Kuna siku moja siwezi kuisahau hata uzee unichanganye akili, na uzee wenyewe nauona unakuja mbio, maana sasa niko kidato cha tatu. Usicheke, mwanangu. Kwako wewe uliyeingia kidato cha kwanza juzi na sanduku jipya, mimi ni babu. Najua maharagwe ya githeri ya siku gani yana mawe na ya siku gani yana mawe zaidi. Kaa hapo nikupe nasaha, na uache kuniangalia kidevu. Ndevu ziko njiani.

Kwetu ni Mfangano, kisiwa cha ziwani, ila shule ndiyo hii ya Uriri. Shule ikifungwa nashukia Mbita kwa Shangazi Akinyi, dada ya baba. Mumewe, Anko Ochola, baba yake binamu yangu Atieno, ana boti ndogo ya mbao ya kuvusha watu hadi kisiwani. Boti nyingi pale ziko wazi: mvua ni yako, jua ni lako, na wimbi likiruka ni lako pia. Ya Anko ina kibanda cha plaiwudi chenye paa la mabati, na yeye husimama mbele, nyuma ya kiukuta chembamba, akishika usukani. Ukiiona kutoka ufuoni unasema huyu jamaa ametajirika.

Sasa ingia ndani. Injini yake zamani ilikuwa ya posho mill kule Kosele. Ilisaga mahindi mpaka mwenyewe akachoka, Anko akaichukua, akaifunga katikati ya kibanda ndani ya sanduku la mbao. Lakini injini haikusahau kazi yake ya kwanza. Ilipokosa mahindi ikaanza kusaga masikio. Ndani ya kile kibanda watu walikuwa hawaongei, walikuwa wanarushiana mikono kama makondakta. Mchana, jua likishapiga yale mabati, abiria aliiva kama mandazi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakupata nafasi ya kulisikia debe lililojaa watu.

Basi siku hiyo alipanda Dani, yaani nyanya yangu, mama yake baba na mama yake Shangazi Akinyi. Hapo ujue, mwanangu, alikuwa amekaa ndani ya boti ya mkwewe. Na kwetu mwanamume na mama mkwe hawazoeani. Hawali sahani moja, hawataniani, hawakaziani macho. Wakilazimika kuongea ni kwa sauti ya chini, kila mtu akitazama upande wake, kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Tulipofika katikati ya maji Dani akasimama kurekebisha leso. Jicho lake moja lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho na la pili lilikuwa linafuata, kwa hivyo hakuliona wimbi lililokuwa linakuja ubavuni. Anko aliliona. Akamwambia polepole aketi. Injini ikameza maneno. Akasema tena, kwa nguvu kidogo. Injini ikameza. Wimbi likawa limefika, na Anko Ochola akafungua kifua chote:

"KETI CHINI WEWE!"

Na kwa uchawi ambao sijauelewa mpaka leo, hilo neno la mwisho ndilo lililosikika vizuri kuliko yote.

Dani akaketi. Hakuanguka, hakulowa hata ukosi. Lakini tulipogusa kisiwa alishuka bila kuaga, na alipokanyaga mchanga akamwambia binti yake, "Akinyi, mimi sijawahi kuitwa 'wewe' na mtu aliyeoa kwangu. Boti hiyo sipandi tena."

Ungedhani ni hasira za siku moja. Lakini siku chache baadaye habari zikaja kwamba madaktari wa macho wamefika Homa Bay, watakaa wiki moja tu, na jina la Dani limo kati ya wa kupasuliwa. Boti za wazi hazingefaa, maana wakati wa kurudi yale maji ya ziwa hayatakiwi yaguse jicho bichi. Na hata zingefaa, mama mkwe wa mwenye boti apande boti ya jirani? Ufuo mzima ungeongea mpaka Krismasi. Dani akasema basi, atabaki na giza lake, giza halimfokei mtu. Shangazi alilia jikoni huku akipepeta dagaa wa omena. Anko hakula.

Hapo ndipo mimi, mtaalamu, nikajitokeza. Nilishawahi kuchungulia studio moja ya muziki mjini Migori, nikaona kuta zimebandikwa trei za mayai. Nikajiambia, kumbe dawa ya kelele ni trei! Nikazunguka kwa wauza mayai wote wa Mbita nikiomba kama mtu wa harambee, nikabandika kibanda kizima kwa gundi, kuta na dari. Nilipiga picha. Abiria wa kwanza aliyeingia aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akauliza, "Kijana, kuku wako wapi?"

Tukavuka hadi kwa Dani kumwonyesha. Aliteremka ufuoni mkono wake ukiwa begani mwangu, akasimama mchangani, nikawasha injini kwa fahari. Ikanguruma vilevile. Labda ilikuwa imepungua kidogo, kama vile njaa inavyopungua ukila pipi. Dani akasikiliza, kichwa kimeinama.

"Mjukuu," akasema, "hii makelele inatoka wapi?"

"Kwa injini, Dani."

"Na wewe umevisha nini nguo?"

"Ukuta."

"Sasa, aki, mwendawazimu anapiga kelele sokoni akiwa uchi, wewe unaenda kuwavalisha makoti wenye kupita?"

Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu hapo karibu walicheka mpaka mmoja akadondosha sindano majini. Mimi pia nilicheka, mwanangu, ile ya kuficha aibu. Lakini neno likaniingia. Kwa nini nihangaike na ukuta wakati mwenye kelele amekaa pale katikati kwenye sanduku lenye nyufa unazoweza kupitisha kidole? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa nimeanza na ukuta wenyewe, tena wa mayai.

Tukarudi Mbita. Nikamwambia Anko tulivishe sanduku godoro kuukuu.

"Godoro kando ya injini ya moto?" akasema. "Unataka kutukausha kama omena?"

Tukaenda kwa Mzee Salim mwenye bekari, ambaye alikuwa na oveni mbovu nyuma ya duka. Ndani ya kuta za oveni kuna ile sufi ya nyuzi za kioo inayozuia joto, haishiki moto. Akatupa yote, akaniambia, "Kijana, vaa glavu, vaa mikono mirefu, funga pua." Nikamjibu kwamba mimi si mtoto wa nasari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu halikuvunjika, ila nilijikuna mpaka mbwa wa Shangazi akaniangalia kwa huruma.

Kazi tukaifanya hivi. Kwanza tuliinua injini, tukaweka chini yake vipande vinene vya tairi la lori, tulivyopata kwa fundi wa viatu vya akala, ili mtetemo usishuke kwenye mbao na kuifanya boti nzima ngoma. Sanduku tukaliongezea plaiwudi nzito, ndani tukajaza ile sufi, tukaifunika kwa bati tulilotoboatoboa kwa msumari, ili sauti iingie humo ipotee na sufi isitawanyike. Kila ufa tukauziba kama fundi anavyoziba ufa wa boti, kwa sababu sauti na maji ni ndugu: ukiacha tundu dogo, watapita wote. Kwenye ukingo wa kifuniko nikagonga mpira wa mlango wa friji iliyokufa. Kikafunga ndi.

Anko akawasha. Mwanangu, kimya! Niliruka juu. Nilijiona mhandisi. Nikaanza kumweleza Shangazi kwamba watu wa Kisumu watanitafuta.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Injini ilikohoa mara moja, ikakohoa tena, ikazima, na sanduku lilikuwa la moto kiasi kwamba huwezi kulishika.

"Hongera," Anko akasema. "Umenyamazisha kabisa. Umeinyonga."

Nilikuwa nimesahau kwamba anayepiga kelele pia anapumua. Na siku za madaktari zilikuwa zinaisha. Nikachukua msumeno nitoboe tundu kubwa ubavuni, hewa iingie, na Anko akanishika mkono. Tundu likirudi, kelele zinarudi, na "wewe" inarudi. Tulikaa pale tumekodolea sanduku macho kama wafiwa.

Ni Shangazi aliyetucheka. Alikuwa ametoka kuoga, ndoo mkononi. Akaonyesha bafu la mabati nyuma ya nyumba. "Nyinyi wanaume, ile bafu ina mlango?"

"Haina," nikasema.

"Na umewahi kuniona nikioga?"

"La hasha, Shangazi!"

"Kwa nini? Si ukuta umepinda pale mbele? Upepo unaingia, unazunguka kona. Macho inagonga ukuta. Hebu jengea hiyo injini bafu yake."

Anko aliangalia lile bafu kama mtu anayeliona mara ya kwanza, na ni yeye aliyelijenga. Usiku haujaingia tukawa tumemaliza: njia mbili za hewa zenye kona, moja chini ya kuingizia baridi, nyingine juu ya kutolea joto, zote zimevishwa sufi ndani. Ekzosi tukaipitisha nje kabisa juu ya paa, maana moshi ndani ya kibanda unaua watu kimya kimya, na huo ndio ukimya tusiouhitaji. Kesho yake nikang'oa trei zangu. Dari tukaishusha kidogo chini ya mabati, tukatandaza mikeka ya mafunjo tukiacha nafasi ya hewa katikati, joto libaki huko juu lipigane na bati lenyewe. Madirisha mawili tukayaacha wazi, moja mbele, moja nyuma.

Tukawasha. Ikatikisa, ikatulia, ikaendelea kupumua. Shangazi akiwa amekaa mwisho wa benchi, Anko akamwuliza kwa sauti ya kawaida kutoka kwenye usukani, "Chai iko?"

"Haiko," akajibu Shangazi.

Sijawahi kuona mtu akinyimwa chai akafurahi hivyo.

Kumrudisha Dani kwenye boti ilikuwa kazi ya Shangazi, na sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Aliingia na leso amejifunga mpaka masikioni, akaketi nyuma kabisa, akasema anaenda kwa ajili ya jicho, si kwa ajili ya mtu. Safari nzima hakufungua mdomo. Anko naye hakuthubutu kuguna.

Akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa, mtu wa kwanza kusimama mbele yake ni mimi. Akanitazama kwa muda mrefu, machozi yakaanza kunilenga, nikajua sasa ninabarikiwa. Akasema, "Kumbe hii ndiyo pua umekuwa ukitembea nayo."

Ni siku ya kurudi ninayotaka uishike, mwanangu. Dani alikaa kwenye benchi la mbele, miwani nyeusi usoni, mgongo wake umeelekea kiukuta cha Anko. Injini ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Tulipokuwa tunakipita kisiwa cha Rusinga, akasema bila kugeuza kichwa, kwa ile sauti ya chini inayotakiwa:

"Baba Atieno, maji iko aje?"

Shangazi aliacha kumenya chungwa. Sauti ya Anko ikaja kutoka upande wa pili wa kiukuta, naye macho yako mbele:

"Imetulia, mama."

"Na ile siku nyingine?"

"Ile siku kulikuwa na wimbi, mama. Ilikuwa inakuja upande wako."

Dani akatikisa kichwa taratibu. "Wimbi sikuliona. Nilisikia tu vile nilivyoitwa."

"Nilikuwa nimesema mara mbili kwa heshima, mama. Hazikufika."

Dani akaikaza leso yake. Nikadhani yameharibika tena. Kisha akapokea kipande cha chungwa kutoka kwa Shangazi, akakigawa, akanipa nusu. "Mpelekee mwenye kuendesha," akaniambia. "Amesimama sana."

Sasa nasaha yangu ni hii, na uiandike nyuma ya daftari la hesabu kwa sababu najua upande wa mbele huugusi. Ukitaka utulivu mahali popote, bwenini, nyumbani, kwenye boti, usianze kupamba kuta. Nenda kwa anayepiga kelele, uone anatetemekea nini, umwekee kitu laini chini yake, uzibe nyufa zake moja moja bila haraka. Lakini mwachie pa kupumulia, maana aliyenyamazishwa kwa kunyongwa hajatulia, amezima. Ukiambiwa vaa glavu, vaa. Na mtu akikufokea, kabla hujaapa hutapanda boti yake tena, jiulize kama alikwisha kukuita polepole mara mbili na kitu kikameza. Heshima nyingi duniani hazikukosekana, mwanangu, hazikufika tu.

Nenda basi. Mwenyezi Mungu akupe sauti ya chini inayosikika mbali, akuweke karibu na watu watakaokuonya kuhusu wimbi usiloliona, na kila maji utakayovuka yawe yametulia mpaka ng'ambo.