Kigari Upande wa Kulia

Daktari aliniambia mambo mawili, na yote mawili yalinitia hofu. La kwanza, mshono wa upasuaji niliofanyiwa mwaka uliotangulia haukuwa umekomaa, hivyo uchungu usinikute nyumbani; mwezi wa mwisho niwe nimeshahamia karibu na hospitali. La pili, nisithubutu kupanda pikipiki kwa kutanua miguu kwenye barabara zetu zile. Nilikuwa nimeshazika watoto wawili. Sikuwa na hamu ya kubishana naye.

Tatizo lilikuwa namna ya kufika. Kutoka kwetu Murukulazo hadi hospitali ni kupanda na kushuka milima. Zamani mgonjwa alibebwa kwa machela na wanaume wa kijiji, wakipokezana mabegani, lakini miaka ile ya wakimbizi kutoka Burundi wanaume wenye nguvu walikuwa kambini wakipakua magunia na kulinda maghala. Waliobaki walikuwa wazee ambao wenyewe walihitaji kubebwa. Magari nayo yote yalikuwa yamekodiwa na watu wa misaada. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu seremala, na mali yetu ya maana ilikuwa pikipiki moja kuukuu aliyoinunua kwa mapadri.

"Nitakutengenezea kigari cha pembeni," akasema.

Nilicheka. Hakucheka. Akaenda chumbani akarudi na picha ya zamani ambayo marehemu baba yake aliitunza ndani ya kitabu cha sala. Padri mwenye ndevu ndefu amekaa juu ya pikipiki, na ubavuni mwake kuna kigari chenye pua ya mviringo, kama chungu kilicholazwa. Ndani ya kigari amekaa mtoto wa kiume aliyekodoa macho. Mtoto huyo ndiye baba mkwe wangu. Picha ilipigwa kwenye misheni moja ng'ambo ya mto, huko Burundi, alikolelewa na wajomba zake.

Basi mume wangu akaanza. Alipima picha kwa rula yangu ya shule, akazidisha, akachora kwa chaki ukutani. Fremu alitengeneza kwa mabomba ya maji na vyuma vya kitanda chetu, tukawa tunalala chini. Maungio alikwenda kuyachomelea mjini, mabomba kayabeba kichwani. Gurudumu lilitoka kwenye pikipiki ndogo iliyooza nyuma ya duka la mtu. Mbavu za bodi alizikunja kwa mbao mbichi alizozilowesha usiku kucha, na juu yake akapigilia madebe ya mafuta ya msaada aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Siku nzima ilikuwa ko-ko-ko, na mtoto tumboni akiruka kila nyundo inaposhuka.

Angeishia hapo ningemshukuru. Lakini seremala akishapenda umbo la kitu, humwambii neno. Pua haikuwa ya mviringo kama ya padri, akaibomoa. Akaiunda upya, akaiona imeelekea upande, akaibomoa tena. Mimi nahesabu wiki, yeye anapiga msasa.

"Wewe bwana, nitazaa kabla hujamaliza kupaka rangi!"

"Kikiwa kibaya utaona aibu kukaa ndani, Mwarimu."

"Aibu? Nimebeba mtoto wa tatu, wawili tumewazika mgombani, unaniambia habari ya aibu?"

Aliweka msasa chini. Usiku ule hakula. Nilijua nimemchoma, na sikumwomba radhi, kwa sababu nilikuwa na hofu na hofu yangu mimi siku zote hutoka kwa sura ya hasira. Asubuhi aliendelea na pua ileile.

Majaribio tulifanyia kwenye uwanja wa shule. Alipakia gunia la maharage lenye uzito wangu, akalifunga shuka yangu ili, kwa maneno yake, lizoee. Pikipiki ikawa inavutwa kulia kila akiongeza mwendo. Akalegeza bolti, akalielekeza gurudumu la kigari ndani kidogo kwa mbele, ikatulia. Akikata kona ya kulia kigari kiliinuka kutoka ardhini, gunia likabaki linaning'inia. Akaweka jiwe chini ya kiti. Wakulima waliokuwa wakipita walisimama na majembe yao kutazama, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kosa lenyewe. Uwanja wa shule hauna kushoto wala kulia.

Uchungu ulinianza siku nne kabla ya siku tuliyopanga kuondoka, asubuhi, chaki ikiwa mkononi. Nilimtuma kiranja wa darasa amwite mume wangu. Alikuja mbio, rangi ya kijani bado mbichi kwenye vidole.

Nilikaa ndani ya kile kitu. Nakiri kwamba kilikuwa kizuri, na kilinipokea mgongo vizuri kuliko kiti chochote cha nyumbani kwetu. Tulishuka njia ya kijiji taratibu. Tulipoingia barabara kuu, mume wangu akashika kushoto kama sheria inavyotaka, na hapo ndipo nilipogundua niko wapi.

Nilikuwa katikati ya barabara. Kigari kilikuwa upande wa kulia wa pikipiki, kama kwenye picha, na picha ilipigwa Burundi, ambako watu huendesha upande wa kulia. Kule padri alimweka yule mtoto ukingoni mwa barabara, salama. Huku kwetu mume wangu aliniweka mimi katikati, chini chini, usawa wa magurudumu ya malori. Na mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa darasa la tatu sheria za barabarani, kwa wimbo kabisa!

Lori la kwanza lilikuja limejaa mahindi ya msaada. Halikupunguza mwendo. Kushoto kwetu kulikuwa na korongo, hatukuwa na pa kusogea. Nililiona gurudumu likinijia usoni, nikafumba macho, upepo wake ukanipiga, na kokoto zikagonga yale madebe mfululizo. Nilipofumbua, mume wangu alikuwa amesimamisha pikipiki.

"Nimekosea," akasema. "Nimekosea upande. Turudi."

"Turudi tukafanye nini? Hamia kulia."

"Tutakutana nayo uso kwa uso."

"Kulia kuna nafasi ya kukimbilia. Nenda!"

Tukahamia kulia. Kila lori lilipotokea, yeye alichepuka kwenye majani, tukasubiri, tukarudi barabarani. Madereva walitutukana kwa honi. Maumivu yalikuwa yanakaribiana, na sasa mshono ulikuwa unawaka kwa namna niliyoitambua, kwa maana ndivyo tumbo lenyewe lilivyowaka mwaka uliotangulia, kabla sijapasuliwa. Sikumwambia mume wangu.

Kwenye njia panda ya kambi kulikuwa na kizuizi. Askari alituona tukija upande wa kulia, akainua mkono.

"Nyinyi! Huku si kwenu. Hapa tunapita kushoto."

Mume wangu akaanza kujieleza, na kwa hofu Kiswahili chake kikavurugika. Uchungu ukanibana katikati ya maelezo yake, nikalia kwa Kihangaza, lugha ya kwetu. Kihangaza na Kirundi ni mtu na ndugu yake; mgeni hawezi kutofautisha. Askari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshajibiwa.

"Wakimbizi ni hapa, kushoto. Wenyeji hawaingii bila kibali, wanaendelea na barabara. Nyinyi ni kina nani?"

Kwa mwendo wetu, hospitali ya wilaya ilikuwa bado saa mbili. Mahema meupe ya hospitali ya kambi niliyaona kwa macho yangu, ng'ambo ya bonde dogo.

"Afande, sisi ni raia," mume wangu akasema, "mimi kwetu ni—"

"Ni wakimbizi," nikamkata. "Tumevuka jana."

Mume wangu alinigeukia. Lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimesimama kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mkuu wa wilaya, nikasema watu wale wametumalizia kuni na ndizi na warudishwe kwao wote. Nilipigiwa makofi. Sasa nilitaja jina lao kana kwamba ni langu, na askari akainua boriti.

Ndani ya hema walinilaza kwenye mkeka. Mume wangu alizuiwa nje. Karani alikuja na karatasi zake, kijana kutoka mkoa mwingine, akachuchumaa kando yangu. Kadi kwanza, akasema, halafu daktari. Jina. Nchi. Mkoa. Nilijibu nilivyoweza. Kisha akauliza kilima, kwa sababu kila Mrundi ana kilima alikotoka.

Sikuwa na kilima. Jina hata moja halikunijia. Karani aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akanitazama mimi, akatazama vumbi la chaki kwenye mikono yangu, na kalamu yake ikasimama.

"Huyu ni wa kwetu," sauti ikasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi.

Alikuwa mwanamke wa mkeka wa jirani, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani. Alikuwa amenisikiliza muda wote nikiugua kwa Kihangaza. Mrundi akimsikia Mhangaza akisema maneno matano tu anajua si Mrundi mwenzake, kama mimi ninavyojua. Akataja kilima chake, pole pole, ili karani aandike vizuri.

"Unamfahamu?" karani akamwuliza.

"Tulichota maji pamoja."

Karani akanigeukia mimi. "Na wewe, huyu ni nani wako?"

"Ni dada yangu," nikasema.

Akaandika. Wakanibeba, na kitu cha mwisho ninachokumbuka kabla ya dawa ya usingizi ni daktari akisema upesi, upesi, mshono unafunguka.

Alikuwa msichana, na alilia kwa nguvu hadi baba yake akamsikia nje. Walimruhusu kuingia jioni. Alimshika mtoto kwa vile vidole vyake vya kijani na machozi yakawa yanamtoka tu. Kesho yake mchana kutwa nilimtazama mtoto akipumua. Sikufanya jambo lingine. Nilikuwa naogopa kwamba nikigeuza macho ataacha.

Siku ya tatu ndipo nilipomkumbuka yule mwanamke. Nilijikokota hadi kwenye hema la kwanza. Kwenye mkeka wake alilala mtu mwingine. Nikamwuliza muuguzi amekwenda wapi dada yangu, aliyekuwa hapa, mwenye kitambaa cha bluu. Watu walikuwa wakiingia na kutoka kwa mamia. Muuguzi alifungua daftari kubwa, akaweka kidole juu ya ukurasa, akaniuliza dada yangu anaitwa nani.