Siku Kaka Aliposema Atanitoa

Harufu ya gazeti lililolowa mafuta ya maandazi bado inanikausha mate. Nikiwa stendi ya Mbinga asubuhi, huwa namwomba muuzaji anipe maandazi yangu mkononi hivyo hivyo, bora niungue vidole. Ananiona nina maringo. Na anione tu, maana hajui gazeti lilinifanya nini.

Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba. Baba alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na hakuruhusu karatasi yenye maandishi itupwe kabla haijasomwa. Magazeti yalitufikia yakiwa yamefunga maandazi, yamechelewa wiki nzima na kuchanika. Haidhuru, kwake kilichopigwa chapa kilikuwa kweli. Alikuwa akisema watu hawawezi kupoteza wino wote ule kwa ajili ya uongo. Nami nilisoma kwa sauti ya kanisani, nikijiona mtu mkubwa.

Miaka ile ndiyo kiduku kilikuwa kimeingia. Kaka yangu Kasto alirudi nacho kutoka Mbinga, nywele zimenyolewa pembeni na kuachwa katikati, suruali ya mlegezo, na daftari la nyimbo alizotunga mwenyewe. Mama aliguna. Baba alisema ujana utampita, tumwache. Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya lile gazeti tulikuwa tunaishi vizuri tu.

Jumamosi moja mama alileta maandazi, nikakunjua karatasi nikaanza kusoma. Habari yenyewe ilihusu dalili za kijana aliyejiunga na chama cha siri cha wanamuziki. Hunyoa nywele kwa mtindo wa ajabu. Hupiga picha amefunika jicho moja. Hujitenga akiandika. Na ili atoke kimuziki, humtoa kafara yule ampendaye kuliko wote. Hapo karatasi ilikuwa imechanwa. Nusu ya chini labda ilifunga maandazi ya jirani, na mpaka leo sijui ilisema nini.

Baba aliniambia nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia. Chai ilimmwagikia gotini, wala hakuifuta. Sikuwahi kumwona baba akiogopa, hata siku ziwa lilipochafuka akiwa katikati. Nilipoona vile, nami nikaogopa.

Maana Kasto alimpenda nani kuliko wote? Mimi! Ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kanisani na kunitolea miiba ya samaki aina ya mbasa isije ikanikwama kooni. Kila wema wake sasa ulinitisha. Aliponipa peremende niliitupa kwenye mihogo. Shuleni wenzangu walisema watu wa chama kile hawawezi kuitikia salamu ya heshima, basi asubuhi moja nilimpa shikamoo mara tatu, na mara zote tatu akaitika marahaba huku akiniuliza kama nina homa. Hata hivyo hofu haikuniisha. Nilikuwa napima ukubwa wangu kwenye mlango, nikijiuliza kama mtu mwembamba hivi anafaa kutolewa.

Siku mbili baadaye nilikuwa naosha vyombo ziwani. Kasto akaja na simu yake, akachuchumaa karibu yangu, akanifunika jicho moja kwa kiganja na kutupiga picha sote wawili, anacheka. Kisha akaninong'oneza.

"Mdogo wangu, nikitoka, wa kwanza kumtoa ni wewe. Usimwambie mtu kwanza."

Jamani. Niliviacha vyombo majini, sahani moja ya mama ikaenda na mawimbi. Nilikimbia mpaka kwa baba nikamwambia neno kwa neno.

Baba alikuwa ameitunza ile karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Aliitoa, akamwita Kasto uani.

"Ulimwambia mtoto utamtoa?"

"Nilimwambia, baba. Na nitamtoa kweli. Siwezi kumwacha hapa."

Nilijificha nyuma ya mama na kung'ang'ania khanga yake. Kasto alijaribu kueleza, lakini kila alipofungua mdomo lilitoka neno lile lile, kutoka na kutoa, na kila lilipotoka baba alirudi nyuma hatua moja. Mwishowe baba alilitupa lile daftari motoni na kumwambia aondoke. Kasto hakumtazama baba. Alinitazama mimi. Kisha akaenda, na baadaye tukasikia yuko Ngaka, kwenye malori ya makaa ya mawe.

Niseme ukweli: usiku ule nililala vizuri.

Nikaja kuelewa nikiwa kidato cha pili, bwenini, mwenzangu mmoja alipojisifu kwamba kaka yake ametolewa na mjomba wao. Nilishtuka, nikamuuliza alizikwa wapi. Wenzangu walicheka mpaka wakalia. Kumtoa mtu, wakanieleza, ni kumwondoa kwenye shida, kumpeleka mbele. Kila kijana alijua. Kumbe nyumbani kwetu lugha ya Kasto tulisomewa na gazeti, na msomaji nilikuwa mimi. Baba hakukichukia kiduku, masikini. Aliogopa kunipoteza, akampoteza mwingine.

Likizo ile nilipanda gari mpaka Ngaka. Nilimkuta Kasto chini ya lori, nywele fupi, vumbi jeusi mpaka kwenye kope. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nami nikamweleza yote, gazeti, peremende na shikamoo zangu tatu. Nilingoja acheke au anifukuze. Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Miaka yote nilidhani ulimwambia baba kwa sababu hukutaka kwenda na mimi," alisema.

Halafu akaniuliza kama nimekula.